Ununue i7 au uiache? Jibu kwa mhariri wa video wa Segerea

Swali: Habari za kazi kaka. Mimi nahariri video za harusi, sendofu na kicheni pati, nipo Segerea. Mashine yangu ni HP EliteDesk 800 G2, prosesa Core i5-6500, RAM GB 8 kipande kimoja, hadidiski ya TB 1, kadi ya grafiki ya kuchomeka sina. Natumia Premiere Pro. Nikiweka kamera mbili kwenye taimulaini picha inakwamakwama hadi nakata tamaa, na kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi ya saa mbili kunachukua kama saa nne, huwa naiacha usiku. Fundi wangu wa Kariakoo ana Core i7-6700 ya mtumba, anataka 230,000 pamoja na kuifunga. Hapohapo RAM ya GB 8 ni 65,000 na SSD ya GB 480 ni 115,000. Nimeona pia mashine nzima yenye i5-8500 kwa 620,000, ila hiyo kwa sasa siiwezi. Kwa mwezi napata kazi tatu hivi. Je, hiyo i7 inalipa?

Jibu: Nzuri dada, pole na kazi. Kwa bei hiyo na kwa mashine hiyo, usiinunue sasa. Fundi wako hajakudanganya: i7-6700 itaingia kwenye soketi ileile, itakula wati 65 zilezile, na kurenda kutapungua kweli. Ila kwa dalili ulizonieleza, sehemu kubwa ya uchelewaji wako haitoki kwenye prosesa. Ukitoa 230,000 leo utapata mashine inayorenda haraka kidogo usiku ukiwa umelala, na mchana ukikaa kwenye kiti utakuta inakwamakwama kama jana.

Kwanza ujue unachouziwa. i5-6500 ina kori 4, na kila kori inashughulikia kazi moja kwa wakati. Kasi yake ya kawaida ni GHz 3.2 na ikijikaza inafika 3.6. i7-6700 nayo ina kori 4. Tofauti ni kwamba kila kori yake inapokea kazi mbili kwa pamoja, ndiyo maana utaambiwa ina thredi 8, na kasi yake ni GHz 3.4 hadi 4.0. Thredi 8 hazina maana ya kori 8. Kori ni ileile moja, inayojaza nafasi zake tupu kwa kazi ya pili pale ya kwanza inaposubiri data. Kwa kurenda, kunakojaza kori zote, mimi nakadiria utapata nyongeza ya theluthi hivi: saa zako nne zitakaribia tatu. Kwa mambo yanayotegemea kori moja, kama kufungua programu au kubofya hapa na pale, utabaki na tofauti ya 4.0 dhidi ya 3.6, yaani asilimia 11. Asilimia 11 huwezi kuihisi kwa mkono.

Sasa hiyo theluthi inahesabiwa juu ya nini? Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza jambo ambalo kila anayetaka kuongeza nguvu ya kompyuta angepaswa kulipigia hesabu kabla ya kutoa pesa: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, unaokoa muda wa sehemu hiyo tu. Tuseme katika kila dakika 10 unazosubiri ukiwa unahariri, 4 unaisubiri prosesa na 6 unaisubiri diski na RAM. Weka i7, zile 4 zitakuwa 3. Jumla dakika 9. Acha i5 ilivyo, weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na RAM, zile 6 zikashuka hadi 1: jumla dakika 5. Nimezitoa namba hizi kama mfano, lakini za kwako unaweza kuzipata mwenyewe leo jioni bila kumlipa mtu hata shilingi mia, na ningependa uzipate kabla hujarudi Kariakoo.

Fungua mradi wako mzito kuliko yote, ule wenye kamera mbili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda upande wa Performance. Cheza taimulaini pale panapokwama, huku ukiangalia mistari minne: CPU (prosesa), Memory (RAM), Disk (diski) na GPU (grafiki). Usiangalie sekunde moja ukaridhika, kaa nayo dakika kumi hivi. Kisha anza kurenda, uangalie tena.

Disk ikigonga asilimia 100 huku CPU ikielea kwenye 40 au 50, prosesa yako inakaa bure ikisubiri faili, na ukiileta i7 itasubiri vilevile. Memory ikiwa juu ya 90, Windows imeishiwa nafasi na imeanza kuhamishia mambo kwenye hadidiski, hapo unaumia mara mbili. Kwa GB 8 na Premiere, hilo nalitarajia. Adobe, wenye Premiere, wanataja GB 8 kama kiwango cha chini kabisa, wanapendekeza 16 kwa video ya HD, na 32 kwa 4K. Wewe uko mlangoni kabisa, na Windows pamoja na kivinjari chako bado hawajachukua sehemu yao.

CPU ikiwa 100 muda wote na diski imetulia, hapo ndipo prosesa inapozidiwa kweli. Lakini usimpigie fundi bado. Angalia chini ya mchoro wa CPU pameandikwa Speed. Ikisoma GHz 3.2 au zaidi, sawa. Ikishuka hadi 2 au chini ya hapo wakati kazi imepamba moto, mara nyingi ni joto. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Kwa Dar hili ni jambo la kila siku: chumba hakina kiyoyozi, Januari na Februari joto liko juu ya nyuzi 30, barabara ya vumbi iko mita chache, na mashine ilikuwa ya ofisi Ulaya kabla haijapanda meli. Pesti ya kijivu kati ya prosesa na feni imekaukia huko tangu 2016. Mashine ya namna hiyo ikipulizwa vumbi na kupakwa pesti mpya inarudisha kasi iliyokuwa imefichwa, kwa gharama ndogo mno. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha joto lenyewe. Na kama tatizo ni joto, kuweka i7 juu ya feni iliyoziba ni kuongeza tatizo.

Turudi kwenye hadidiski, maana nina hakika kubwa zaidi juu yake kuliko kingine chochote kwenye barua yako. Diski ya kawaida ya mashine hizi inazunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo. Kila ikitakiwa kusoma sehemu nyingine, kichwa lazima kihame, kisha kisubiri sehemu hiyo ipite chini yake. Ukipiga hesabu, inaweza kufanya safari kama mia moja tu za namna hiyo kwa sekunde. Faili moja refu inalisoma vizuri, megabaiti 100 au zaidi kwa sekunde, na kamera ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu. Kwa hiyo mtu atakwambia diski inatosha. Haitoshi, kwa sababu haisomi faili moja: inasoma kamera ya kwanza, kamera ya pili, sauti, kashe (faili za muda) ya Premiere, na Windows yenyewe, vyote viko juu ya diski hiyohiyo, kichwa kinaruka huku na huku kama mpishi mmoja anayehudumia meza tano. SSD haina kichwa cha kuhamisha. Ile ya bei nafuu ya SATA inafika megabaiti 500 kwa sekunde, na kwa kusoma vipande vidogovidogo vilivyotawanyika inaiacha hadidiski mbali sana, si mara mbili wala tatu bali mara mamia.

Ukiweka hiyo ya GB 480, ipangie vizuri: Windows, Premiere, kashe, na mradi mmoja unaoufanyia kazi wakati huo. Kazi zilizokwisha zirudi kwenye hadidiski ya TB 1. Usiitupe, kwa kuhifadhi bado inafaa.

RAM nayo ina faida ya pili ambayo muuzaji hataitaja. Kwa kuwa huna kadi ya grafiki, picha zinachakatwa na kile kidude cha grafiki kilichomo ndani ya prosesa, na hicho hakina kumbukumbu yake, kinachota kutoka RAM yako. Kipande kimoja kinakipa njia moja ya kuchotea. Vipande viwili vinavyolingana, vikichomekwa kwenye nafasi zinazofaa, vinakipa njia mbili. Hakikisha ni DDR4 ya deskitopu kama iliyomo. RAM na SSD zako zinajumlisha 180,000. Umebakiwa na 50,000 mfukoni kulinganisha na i7, na umegusa vitu viwili badala ya kimoja.

Kuna na jambo la bure kabisa. Kwenye dirisha la kurenda la Premiere, ukiwa umechagua H.264 (mfumo wa kubana video), tafuta mstari wa Performance uone kama umeandikwa Software Encoding. Kama ndivyo, badilisha uwe Hardware Encoding. Prosesa yako ina sehemu maalumu ya kufunga video (kuibana iwe faili la mwisho), Intel wanaiita Quick Sync, ambayo inafanya kazi hiyo haraka kuliko kori za kawaida. Kama mstari huo umegoma kubadilika, angalia kama umechagua VBR (kiwango cha biti kinachobadilika) ya mizunguko miwili, kwa sababu hiyo inalazimisha njia ya programu. Weka mzunguko mmoja, ongeza kiwango cha biti kidogo kufidia ubora, na ujaribu kwa kipande cha dakika tano ukilinganisha kwa macho kwenye televisheni kubwa, siyo kwenye simu. Inawezekana saa zako nne zikapungua hapo kuliko ambavyo i7 ingezipunguza.

Na kwa kukwamakwama kwa kamera mbili, tumia proksi. Premiere itatengeneza nakala ndogo za klipu zako, wewe unakata ukiwa na hizo nyepesi, na wakati wa kurenda inarudi yenyewe kwenye zile halisi. Utengenezaji wake unachukua muda, lakini huo ndio muda wa kuuachia usiku. Wahariri wengi hapa mjini wanaruka hatua hii wakidhani ni ya watu wenye mashine dhaifu, wakati wenye mashine za mamilioni wanaitumia kila siku.

Nije kwenye aina ya video zako, maana hapa i7-6700 inashindwa kabisa hata ikiwa ya bure. Kama kamera zako zinarekodi H.264 ya kawaida ya biti 8, i5 yako inazifungua kwa msaada wa grafiki yake ya ndani. Lakini siku hizi mteja anakuletea na klipu za simu za ndugu zake. iPhone kuanzia 12, iliyotoka 2020, inaweza kurekodi HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) kwa HEVC (mfumo mpya zaidi wa kubana video) ya biti 10, na grafiki ya kizazi cha 6, ambacho ndicho cha i5 yako, haina njia kamili ya kufungua aina hiyo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia kori. i7-6700 ina grafiki ileile ya HD 530 iliyomo kwenye i5 yako. Njia hiyo ilikuja kizazi cha 7. Ile i5-8500 uliyoiona inayo, pamoja na kori 6 halisi na kasi inayofika GHz 4.1.

Na usijaribiwe kuchukua prosesa ya kizazi cha 8 peke yake ukadhani utaifunga kwenye mashine yako. Soketi inafanana kwa macho, hata jina ni LGA1151 vilevile, lakini mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za kizazi cha 6 na 7 haziitambui. Hata ya kizazi cha 7 inategemea BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine), na mashine za kampuni kama HP huwa na orodha yao ya prosesa zinazokubalika. EliteDesk 800 G2 ilitoka na za kizazi cha 6. Soma orodha ya modeli yako, usichukue neno la kaunta.

Jambo lingine zito ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Zipo njia za pembeni za kuiingiza Windows 11 kwenye mashine ya zamani, na mafundi wanazitumia, lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. i7-6700 ni ya kizazi kilekile cha i5 yako, haikuvushi hata hatua moja. Ndiyo maana nasema mashine hii imefika karibu na mwisho wa njia, na kuifunga prosesa ya bei kubwa zaidi inayokubali ni kuwekeza kwenye kitu utakachokiacha.

SSD na RAM utahama navyo. Mashine za ofisi zenye i5-8500 kwa kawaida zinatumia DDR4, na SSD ya SATA inachomekwa kwenye nyingi ya hizo. Kwa hiyo 180,000 unayotoa leo ni sehemu ya mashine yako ijayo. Ukifika kwenye ile 620,000, mwambie muuzaji akupunguzie kwa kuiacha diski na RAM yake, wewe unazo. i7 haitakwenda popote, itabaki kwenye boksi la zamani, na mnunuzi wa boksi hilo hatakurudishia 230,000 yako kwa sababu ya tarakimu moja.

Sasa hesabu ya biashara. Unasema unarenda usiku. Saa nne zikiwa tatu, umeokoa saa moja ambayo ungekuwa umelala. Haikuletei kazi ya nne kwa mwezi. Umeme nao usikusumbue: mashine inayokula wati 100 kwa saa nne ni nusu yuniti haifiki. Muda wako wenye thamani ni ule unaokaa na mausi mkononi, unakata, unarudia, unasubiri picha ifunguke. Huo ukipungua nusu kwa kila harusi ndipo utaweza kuchukua sendofu ya ziada bila kukesha. Kwa mtu anayerenda mchana, mteja amekaa kwenye benchi anangoja flashi yake, hesabu ingekuwa tofauti na ningeipa i7 nafasi kubwa zaidi. Mtu huyo siye wewe.

Kadi ya grafiki je? Usiikimbilie pia. Kama boksi lako ni lile dogo jembamba, pawasapulai yake ni ndogo, kadi lazima iwe fupi na isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, na nafasi ya kuichomeka inatoa wati 75 kwa kiwango cha juu, baadhi ya mashine pungufu ya hapo. Ile 50,000 iliyobaki ningeianzishia akiba ya UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika). Umeme ukikatika saa tisa usiku ukiwa umerenda saa tatu, umepoteza usiku mzima.

Ikitokea baada ya yote hayo bado unaitaka, au umeshampa fundi neno, basi kagua. Sharti iandikwe i7-6700 bila herufi nyuma. Yenye T, i7-6700T, ni ya wati 35, inaanzia GHz 2.8 na haipiti 3.6. Ungekuwa umelipa bei ya i7 kamili ukapata iliyo polepole zaidi. Yenye K ni ya wati 91, feni ya boksi lako haikutengenezwa kwa joto hilo. Iwashwe mbele yako, usome jina lake ndani ya Task Manager, siyo kwenye kifungashio. Wakati wa kuifunga simama karibu: pini za soketi hii ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama unywele, moja ikipinda umepoteza mazabodi nzima. Upewe risiti yenye muda wa kurudisha. Na i5 yako iliyotolewa ni mali yako, ina soko. Ama urudi nayo nyumbani, au ikatwe kwenye bei.

Anza na kipimo cha Task Manager na mipangilio ya kurenda, leo. Kesho vumbi na pesti. Mwisho wa wiki RAM na SSD, na umwombe fundi huyohuyo akufungie, anastahili biashara yako. Mwambie pia asikukasirikie kuhusu i7. Ukikaa mwezi mmoja na mpangilio mpya ukaona CPU bado inagonga 100 mchana kutwa huku diski na RAM zimetulia, rudi kwake mzungumze bei upya, na kwa kizazi cha 6 mimi ningeanzia nusu ya aliyokutajia.